Torenti yako imeganda asilimia 0? Anzia hapa

Ndugu, umeuliza uanzie wapi na torenti, yaani kupakua faili kwa kugawana na wenzako mtandaoni, na kwa nini faili lako la kwanza limeganda kwenye asilimia 0 tangu jana. Nianze na hilo la pili, maana ukilielewa, mengine mepesi.

Huku hakuna seva moja, yaani kompyuta kuu, inayokugawia faili. BitTorrent, mfumo unaoendesha torenti, aliyoutoa Bram Cohen mwaka 2001, hulikata faili vipandevipande. Kila mtu anavuta vipande kwa wenzake huku akiwagawia alivyo navyo. Sasa tazama safu ya wagawaji, yaani wenye faili zima. Ikisoma 0, na waliobaki wana vipande nusunusu, hata intaneti yako iwe na kasi ya radi utasubiri sana. Tafuta torenti nyingine.

Programu ya kupakulia torenti chukua qBittorrent au Transmission, zote ni za bure, ila pakua kwenye tovuti zao wenyewe tu. Jaribu kwanza na Ubuntu au Debian, mifumo ya bure ya kuendesha kompyuta: hutoa torenti zao halali, na wagawaji hawakosekani. Kwenye mipangilio punguza kasi ya kupakia, la sivyo hata kufungua ukurasa wa kawaida ni mateso. Lakini usiibane mno. Mimi mwanzoni niliibana kwa uchoyo, kasi ya kupakua nayo ikaporomoka, nikabaki nalaumu mtandao.

Anwani yako ya IP, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, inaonekana na unaogawana nao, kwa hiyo filamu za wizi achana nazo. Na ukitafuta wimbo ukaletewa faili linaloishia na .exe, hiyo ni programu, si wimbo, na huenda ina virusi; futa bila kulifungua.