Mkuu, usijaze hicho kipimo cha 4831

Mkuu, kwanza futa hiyo meseji. Umeuliza mashine ya kuanzia, mtaji, na kama kujijazia mwenyewe risasi za bunduki yako ya .270 kunaokoa hela, halafu mwishoni ukagusia, kama jambo dogo tu, kwamba mzee wa kazini kwenu amekutumia kipimo cha baruti: "tumia 4831, iko poa." Nilipofika hapo nikaacha chakula. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hapahapa Texas, na mzee wa uwanja wa shabaha niliyemheshimu kama baba.

4831 ni baruti mbili! Ya kwanza Hodgdon, kampuni ya baruti, walianza kuiuza baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa masalio ya jeshi, baruti ya mizinga ya milimita 20, inawaka polepole. Leo ndiyo H4831. Miaka ya 1970 kampuni ya DuPont wakatoa yao, IMR 4831, inayowaka haraka zaidi. Zote ni vijiti vidogo vya kijivu, kwa macho huzitofautishi. Yule mzee alijifunza enzi jina likiwa moja, akanipa kipimo cha juu kabisa cha ile ya polepole. Dukani nikakuta IMR, ile ya haraka, ambayo kwa kipimo hicho presha inazidi. Nikampigia simu kuuliza. "4831 ni 4831, kijana." Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile nakasirika. Angesema tu "sijui, kaangalie kitabuni," yangeisha.

Risasi ya kwanza ilinipiga bega kuliko nilivyozoea, na bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ikawa nzito kuinua. Nikatazama ganda: fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, imelala bapa, na kwenye kitako pana alama ya mviringo inayong'aa, shaba imesukumwa ikaingia kwenye tundu la bolti. Hapo bunduki inakwambia acha. Nikapiga ya pili. Gesi ikanirudi usoni, miwani ikajaa vidoa vyeusi, bolti ikakwama kabisa. Fundi aliigonga kwa nyundo ya mpira mpaka ikaachia. Ganda likatoka bila fataki, tundu lake limetanuka. Akapima bolti, akapima chemba risasi inapokaa, akaniambia hii hairudi tena kazini. Dola 900 na msimu mzima wa kulungu vikapotea. Jicho lipo kwa sababu ya miwani ya dola 12.

Kipimo hakitoki mdomoni mwa mtu, awe nani, na ndiyo maana hata mimi sikuandikii namba. Kinatoka kwa mtengenezaji. Hodgdon wanaweka vyao bure mtandaoni, na vya IMR pia, maana chapa hiyo sasa ni yao. Soma jina la kopo herufi kwa herufi, uzito wa kichwa cha risasi uwe uleule walioandika wao, anzia kipimo cha chini. Mezani liwe kopo moja tu, na baruti iliyobaki irudi humo kabla hujainuka kitini.

Mashine yoyote ya ganda mojamoja inatosha. Kwenye mizani ya kupimia baruti usibane hela. Na mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, msiige, sheria za huku si za huko.

Piga picha kopo lako, upande wenye jina, uiweke hapa kabla hujamimina hata chembe.