Kabla hujakata tiketi ya Ngazija

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Simu yako ya juzi ilikatika tukiwa katikati ya maneno, nikaona bora nikuandikie. Uliniambia wewe na mumeo mna likizo ya siku kumi mwezi wa Desemba na mnafikiria kwenda Komoro, ukaniuliza: "Mama, kule kuna nini hasa, au ni Unguja nyingine tu?"

Si Unguja nyingine. Kosa hilo nililifanya mimi nilipokwenda mara ya kwanza, kwenye harusi ya binti wa mjomba. Kwa kuwa bibi yako alizaliwa kule, nilijiona nakwenda kwetu. Lugha yao inafanana na Kiswahili, basi masikio yangu yakanisaidia nusu, na ile nusu ndiyo iliyonipoteza. Nilimpa mama mwenye nyumba kanga niliyomchukulia, akanijibu "marahaba". Nikashtuka, maana sikuwa nimemwamkia. Kumbe kwao marahaba ndiyo ahsante. Basi mwanangu, kila utakapodhani umeelewa, uliza tena. Watu wa kule hawachoki kuulizwa.

Nchi yenyewe iko baina ya Msumbiji na Madagaska. Ina visiwa vitatu: Ngazija, ambako ndiko uliko mji mkuu wa Moroni, kisha Nzwani na Mwali. Lakini bendera yao ina nyota nne. Ya nne ni Maore, yaani Mayotte, iliyobaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitawala tarehe 6 Julai 1975, na tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Jambo hili lichukue kwa adabu. Tangu Ufaransa ilipoanza kudai viza mwaka 1995, watu wanavuka usiku kutoka Nzwani kwa vidau vya mashine wanavyoviita kwasakwasa, na wengi wamezama. Ukikaa na familia ya Nzwani, yawezekana mno kuwa wamempoteza mtu baharini. Wasikilize, usitoe hukumu.

Uliuliza usalama. Mapinduzi na majaribio ya mapinduzi yamekuwa mengi tangu uhuru, na Nzwani iliwahi kujitenga mwaka 1997. Mwaka 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, walishuka Nzwani kumwondoa kiongozi aliyegoma kutoka madarakani. Wazee wanaikumbuka siku hiyo, na ukisema watoka Tanzania watakuhadithia. Siasa zao bado zina moto, kwa hiyo kukiwa na uchaguzi jiepusheni na mikusanyiko. Ama wizi na kubughudhiwa njiani, mimi sikuona, na nilitembea Moroni mchana na magharibi.

Sasa Desemba. Hapo sikubaliani nanyi. Ni kashkazi, joto na mvua kubwa, na ndio msimu wa vimbunga unaofika hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija mwezi wa Aprili mwaka 2019. Nendeni wakati wa kusi. Mkiweza Julai au Agosti ni bora zaidi, kwa sababu ndio wakati wa harusi kubwa, anda. Wangazija walioko Ufaransa, khasa Marseille, hurudi kwa ajili yake. Mtu huweka akiba miaka na miaka ili alishe mji mzima, na akishaitimiza huitwa mndru mdzima, yaani mtu mzima. Na hapo tena Kiswahili kitakudanganya, maana si umri. Kijana aliyefanya anda hukaa mbele barazani, na mzee wa miaka sabini asiyeifanya hukaa nyuma yake. Mimi gharama zake ziliniumiza moyo, nikiona skuli ya kijiji imebomoka ukuta. Lakini niliona pia barabara na misikiti iliyojengwa kwa michango ya anda hizo hizo, nikanyamaza.

Mkwe wangu mwambie mapema kwamba Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, mume ndiye anayehamia, na ardhi ya ukoo hupita kwa wanawake. Ni Waislamu kama sisi, wa madhehebu ya Shafi, na sheikh Ahmed bin Sumeit aliyekuwa kadhi hapa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925 alizaliwa huko huko. Ila mila hiyo hawaiachi.

Maji yatumie kwa huruma. Ngazija haina mto hata mmoja, kwani mwamba wa volkano hunywa mvua yote, hivyo watu wengi hukinga maji ya paa kwenye mabirika. Karthala ulipolipuka mwaka 2005 majivu yaliharibu maji ya vijiji vingi. Mlima huo una mita 2,361 na ungali hai. Mkitaka kuupanda, chukueni mtu wa kijiji awaongoze na mlale njiani, msiukimbilie kwa siku moja.

Moroni penyewe mtaizunguka kwa asubuhi moja. Ule msikiti wa kale wa Ijumaa ufukweni, wenye matao meupe, ulijengwa mwaka 1427. Jumba la makumbusho wanalo gombesa, samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani mamilioni ya miaka, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa pale walikuwa wakimjua siku zote, wakimwona hana ladha. Utamkuta pia kwenye noti ya faranga 1,000.

Lakini kama siku ni chache, mimi ningewapeleka Mwali. Ni kisiwa kidogo, kimya, na kijiji cha Itsamia wenyewe ndio wanaowalinda kasa. Nilikaa mchangani usiku, taa zimezimwa, nikamwona kasa anapanda taratibu, anachimba, anataga. Nilitokwa na machozi. Kuanzia Julai hadi Oktoba kuna na nyangumi. Ila msivuke kwa boti zile ndogo za Chindini, kijiji cha kusini mwa Ngazija, hata mkiambiwa bahari shwari. Subirini ndege, hata ikichelewa siku mbili. Nzwani nayo ina mji mkongwe wa Mutsamudu na harufu ya mlangilangi unaopikwa mafuta ya manukato. Mtu wa karafuu kama wewe utaipenda.

Chukueni euro taslimu, kwa sababu kadi hazitawafaa mahali pengi. Euro moja ni kama faranga 492, na haibadiliki. Jifunzeni na Kifaransa kidogo cha ofisini. Mavazi vaa kama unavyovaa ukija kwangu. Chakula msihofu, mataba ni kisamvu cha nazi, na mkatra siniya ni mkate wetu wa sinia.

Nijibu mapema mwezi mtakaokwenda, nimpigie mjomba. Akisikia mmefika Moroni mkalala hoteli, mimi ndiye nitakayeulizwa.

Mama yako