Andorra: usipeleke fomu ya viza kabla hujaangalia idadi ya kuingia

Mkuu mleta uzi, ukipeleka fomu hiyo ubalozini Jumatatu kama ulivyoijaza, safari yenu itaishia mpakani. Hayo mengine uliyouliza, nguo gani, siku ngapi, wapi kuteleza, yatasubiri kidogo.

Umesema mwezi wa pili wewe na shemeji mtashukia Barcelona, mlale siku tatu, mpande Andorra siku nne kucheza kwenye theluji, kisha mrudi Barcelona kupanda ndege ya Dar. Na umesema wakala wenu amewaambia Andorra haina viza, kwa hiyo ombeni viza ya Uhispania ya kuingia mara moja, ndiyo inayotoka haraka. Hapo ndipo niliposimama. Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, neno kwa neno, na mtu aliyekwishapokea hela yangu.

Nusu ya kwanza ni kweli. Andorra yenyewe haimdai mtalii viza. Lakini utafikaje huko? Haina uwanja wa ndege, haina reli. Ni nchi ya kilometa za mraba 468 iliyobanwa kwenye milima ya Pyrenees kati ya Uhispania na Ufaransa, na huingii humo ila kwa kupita nchi mojawapo kati ya hizo mbili. Hizo mbili zimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Andorra haimo. Haimo hata Umoja wa Ulaya, ingawa wanatumia euro, na nadhani ni hiyo euro inayowafanya watu waamini kwamba bado wako Ulaya ile ile ya viza moja. Ukivuka kwenda Andorra umetoka Schengen. Ukitaka kurudi Barcelona, unaingia Schengen mara ya pili. Na wewe umeomba mara moja.

Sasa nikwambie ilivyokuwa kwetu. Kupanda, hakuna aliyetuuliza kitu. Basi la kutoka Barcelona lilichukua kama saa tatu, likapunguza mwendo mpakani, likapita. Mke wangu alikuwa amelala, hata hakujua kama tumebadilisha nchi. Tukakaa siku nne nzuri kweli kweli.

Kurudi, basi likasimamishwa. Ujue Andorra kodi ni ndogo, watu wanapanda kununua sigara, pombe na manukato, kwa hiyo watu wa forodha upande wa pili hufungua mabegi. Mtu mzima anaruhusiwa sigara 300, zikizidi alipie. Walikuwa wanatafuta sigara, hawakuwa wanatutafuta sisi. Lakini wakiwa wanapekua, mmoja akaomba pasi za abiria, safu kwa safu. Za Wahispania alizitazama jalada tu. Ya kwangu akaifungua, akageuza kurasa taratibu mpaka kwenye stika ya viza, akaweka kidole gumba chenye glavu juu ya tarakimu mbili: 01. Hakusema neno. Akamwita mwenzake, naye akaziangalia zile tarakimu, kisha akaniangalia mimi. Mwenzake ndiye aliyejua Kiingereza: mmeshaingia mara yenu moja.

Dereva alishusha mabegi yetu mawili akayaweka kwenye theluji iliyoyeyuka ikawa tope, akafunga mlango, akaondoka. Simlaumu, ana ratiba. Ila mkuu, ule mlio wa basi linaloondoka na wewe umesimama pembeni na mkeo, ndege ni saa nne usiku, sitausahau.

Tulikaa kwenye chumba kidogo cha benchi la chuma hadi jioni, kisha tukaambiwa turudi tulikotoka. Tukapata teksi hadi Andorra la Vella, mji mkuu wao, hoteli ile ile, chumba kingine, bei nyingine kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Ndege ikaruka bila sisi. Tiketi zilikuwa za bei ya chini, zile zisizorudishwa hata senti. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu tukaanza kubisha hodi ubalozini, kueleza, kuonyesha risiti, kuandika barua, mpaka tukapata viza ya dharura ya kutuvusha hadi uwanja wa ndege. Tiketi mpya mbili za kwenda tu, usiku wa hoteli, teksi, chakula: ilikaribia shilingi milioni 5. Hela ya ada ya mtoto ya mwaka ilibaki kwenye bonde lile.

Na yule wakala? Nilimpigia nikiwa pale pale kwenye benchi. Akaniambia, "Lakini Andorra haina viza, kaka, hiyo si nimekwambia?" Nikamweleza. Akasema basi ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Mtu anachukua hela yako ili ajue jambo moja ambalo wewe hulijui, halafu hajui. Hajawahi kutazama ramani aone ile nchi imezungukwa na nani. Wakala asiyeweza kukujibu swali la "nikitoka nitarudi vipi" hafai kukujazia hata fomu ya maktaba. Bora ujaze mwenyewe. Anayetaka kunicheka humu acheke, ila acheke akiwa ameshika pasi yake na kuisoma stika.

Nawajua watakaokuja chini hapa kusema "mimi nilipita na viza ya mara moja, hakuna aliyeniuliza". Nawaamini. Ukaguzi haufanyiki kila basi. Mimi mwenyewe kupanda sikuulizwa. Lakini utaweka tiketi za watu wawili na likizo ya mwaka mzima juu ya matumaini kwamba siku hiyo hawatafuti sigara? Pia msiichanganye Andorra na Liechtenstein. Ni ndogo na ya milima vile vile, lakini imo Schengen tangu 2011, na Uswisi jirani yake tangu 2008. Ukienda huko viza ya mara moja inakutosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye fomu kuna sehemu ya idadi ya kuingia: mara moja, mara mbili, mara nyingi. Weka alama kwenye mara nyingi. Mara mbili inatosha kwa safari yenu kama mlivyoipanga, lakini mkiamua siku moja mshuke upande wa Ufaransa mkala chakula cha mchana na kurudi, mara mbili imekwisha. Ambatanisha hifadhi ya hoteli ya Andorra na tiketi za basi za kwenda na kurudi, na barua fupi inayosema wazi kwamba mtatoka Schengen tarehe fulani na kuingia tena tarehe fulani. Usiwaachie wabahatishe. Pasi ikirudi, kabla hujafurahi, kabla hujampigia shemeji, soma stika. Ikiwa imeandikwa MULT (yaani mara nyingi) au 02, nenda. Ikiwa ni 01, usipande Andorra hata kwa saa moja. Nenda La Molina au Masella, ziko Pyrenees hizo hizo upande wa Uhispania, theluji ni ile ile, na hutoki Schengen.

Bima nayo isomeni. Ya viza inadaiwa iwe na kinga ya angalau euro 30,000, sawa, lakini nyingi zimeandikwa nchi za Schengen peke yake, na nyingi hazilipi ukivunjika mguu ukiteleza. Yangu ilikuwa na kasoro zote mbili, niligundua nikiwa nimeshafika. Na laini ya simu ya Uhispania ikivuka mpaka, mara nyingi kifurushi cha Ulaya hakifanyi kazi Andorra, unakatwa hela kwa kila megabaiti kwa bei kali. Zima data kabla ya mpaka, tumia ya hoteli.

Kuteleza kwenye theluji: hamjawahi, nendeni Soldeu, huko huko Andorra. Unapandishwa na kigari cha waya kutoka kijijini hadi Espiolets, juu kidogo ya mita 2,200, kuna uwanda mpana wa wanaoanza na walimu wengi wanajua Kiingereza. Kodisheni viatu na mbao za kutelezea huko huko, msinunue. Mke wangu siku ya kwanza alianguka nadhani mara ishirini, siku ya tatu alikuwa anashuka peke yake mikono ameitanua, na ile picha ndiyo tumeiweka sebuleni. Kutembea milimani mwezi wa pili sahauni, njia za juu zina theluji. Bonde la Madriu, lile lililoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2004, na kilele cha Coma Pedrosa cha mita 2,942, hizo ni za kiangazi.

Uliuliza pia habari ya chakula na nini sijui cha hoteli, nitarudi. Kwanza fungua hiyo fomu sasa hivi, uangalie alama iko wapi, uje uniandikie hapa.