Jibu: Laini ya maji taka tuliyojenga wenyewe, kaunti yaweza kuichukua?

Ndugu muulizaji, umesema nyumba zenu kadhaa hapo Malindi zatumia laini moja ya maji taka mliyochangishana kujenga, sasa yaziba kila mara na mwataka muikabidhi kaunti iwe yao. Mtaani kwetu tulijaribu jambo hilohilo, mimi ndiye nilikuwa mweka hazina wa kikundi kwa hivyo karatasi zote zilipita mikononi mwangu.

Bomba lenyewe si kazi kubwa. Wengi wakianza wanakimbilia fundi, inchi ngapi chemba ngapi (yale mashimo yenye vifuniko ya kukagulia laini), na kweli ofisi ya kaunti itauliza, bomba la inchi 4 kubeba mtaa mzima hawalitaki, wataka kuanzia 6, wataka mteremko wa kueleweka, chemba kwenye kila kona na kila mahali laini mbili zinakutana, vifuniko vifunguke bila nyundo. Hayo yote ni pesa tu. Kwetu kulikuwa na kipande fundi alikuta mwamba wa matumbawe akachoka kuchimba akalilaza bomba karibu sawasawa, ukifungua chemba ya hapo asubuhi watu wakifua utaona maji yamesimama, povu la sabuni juu, halafu yanasogea kama hayataki. Tukakifukua tukalaza upya, kuziba kukaisha.

Kilichotukwamisha ni ardhi. Afisa alipokuja kukagua alifungua chemba moja, akachungulia, alafu swali lake la kwanza wala halikuwa la bomba, akauliza "hapa tuliposimama ni kwa nani?" Tukatazamana. Maana pwani yetu mwaijua, mtu ana nyumba lakini ardhi si yake, alipe kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka kwa mwenye shamba ambaye pengine hata hajamwona, mambo yenye mizizi tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908. Laini yetu yapita ploti ya namna hiyo. Bi mkubwa mwenye nyumba alikubali palepale na chai akatupa, lakini sahihi yake haikusaidia kitu, sababu kinachotakiwa ni haki ya njia ya bomba, iandikwe na isajiliwe kwenye ardhi yenyewe, na hiyo aitoe mwenye ardhi. Mwenyewe ashafariki, warithi wametawanyika, basi tukaanza kazi ya kuwatafuta. Jirani mwengine yeye hati anayo safi kabisa ila alishajenga jiko juu ya chemba, ukitaka kufungua usogeze meko kwanza, na ndiye alipiga kelele kuliko wote ati kaunti itambomolea. Mimi nilimuelewa, maana ukishatoa haki ya njia, kujenga juu yake tena basi.

Kuna mdau hapo juu kasema mbona Uingereza laini za watu zilichukuliwa zote siku moja. Ni kweli nusu. Tarehe 1 Oktoba 2011, England na Wales, laini za pamoja zilihamia kwa makampuni ya maji kwa nguvu ya sheria, mwenye nyumba hakuhitaji kuomba. Lakini ni zile zilizokuwa tayari zimeungana na mtandao wa umma. Iliyoishia kwenye septiki (tenki la maji taka la chini ya ardhi) ya watu ilibaki ya watu, na bomba la nyumba moja ndani ya ua wake likabaki la mwenyewe. Sasa piga picha ya Malindi, wangapi kati yetu maji yao yaishia kwengine zaidi ya septiki na shimo?

Kwetu hakuna sheria ya kubeba zote kwa mkupuo hivyo. Katiba ya 2010 imeweka huduma za maji na usafi chini ya kaunti, kampuni ya maji ndiyo inayoendesha, kwa hivyo mwenda kuomba, na jibu tulilopata sisi ni kwamba mpaka bomba kuu lifike karibu hawana pa kuunganisha, wakichukua watakuwa wamerithi septiki tu. Niliudhika wakati ule ila ukifikiria wana haki. (Wa Lamu mjini nyinyi hadithi yenu nyengine kabisa, kuchimba vichochoro vya mji wa kale kwataka na Makumbusho wakubali.)

Tulichofanya ni kusajili kikundi, kuchora laini yote juu ya ramani ya ploti na sorveya, na kuandikiana mchango wa eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, maana hapo ndipo ugomvi hutokea, wa mwisho wa laini ndiye mafuriko humrudia chooni na wa juu hana habari.

Wewe anza na ploti yenye tenki la septiki laini yenu inapoishia, kama laishia huko. Mwenyewe akiuza kesho na hakuna kilichosajiliwa, mnunuzi atawaambia mlizibe na mtakosa la kumjibu. Ukishajua ni ardhi yenye hati au ni nyumba tu rudi useme, maana karatasi za moja si za nyengine.