Picha za ndani zinatoka na ukungu: usikimbilie kamera mpya

Umeuliza kama ununue kamera nyingine kwa sababu picha za watoto wakicheza sebuleni zinatoka na ukungu. Ndugu yangu, hiyo hela itunze kwanza. Kinachokusumbua ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga. Ukiiacha kamera ijiamulie, ndani ya nyumba inaweza kushuka hadi 1/30 ya sekunde, na mtoto hatulii kiasi hicho. Zungusha kitufe cha kuchagulia modi hadi S, ambapo kasi ya shata unaipanga mwenyewe (kwenye Canon imeandikwa Tv), weka 1/250, halafu ruhusu ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 1600, hata 3200. Chengachenga, yaani vidoti vidogo kwenye picha, zitaonekana, sawa, ila zinavumilika. Sura iliyovurugika hairekebishiki.

Wasogeze watoto karibu na dirisha, zima taa ya dari, nawe simama ubavuni mwa dirisha. Tazama macho yao: ukiona kimraba cha mwanga ndani ya mboni, bonyeza. Flashi ya juu ya kamera mimi siipendi kabisa, inabandika kivuli ukutani na kuufanya uso uwe bapa.

Ukitaka lazima kununua kitu, chukua lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi. Kama sensa yako (kipande cha ndani kinachonasa picha) ni ya saizi ya APS-C, lenzi ya mm 35 itakutosha chumbani. Mm 50 inabana, inaonyesha eneo dogo mno.