Mama kupoteza meno na kuanza kusahau: tuliyoyapitia Ujiji

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 70 anasahau kwa sababu ya kung'olewa meno. Pole sana. Nami nimeuguza mama yangu hapa Ujiji na hali hiyohiyo.

Mama alibakiwa na meno sita ya chini. Akaacha migebuka ya kuchoma, mihogo ndiyo kabisa, akawa mtu wa uji na ugali wa kulowanisha mchuzi. Tukasema uzee. Kisha akaacha kwenda kwenye shughuli za wenzake, anaona haya kufungua kinywa. Kutwa yuko ndani, neno moja analiuliza mara tatu. Kwangu mimi, upweke ule na chakula kile duni vilimuumiza kuliko mapengo yenyewe.

Wataalamu nao wameliona. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walijumlisha tafiti 14: kadiri mtu alivyopoteza meno mengi, ndivyo hatari ya akili kufifia ilivyoongezeka, ila kwa wenye meno ya bandia uhusiano huo haukujitokeza wazi. Mwaka 2019 wengine walikuta bakteria wa ugonjwa wa fizi, Porphyromonas gingivalis, kwenye ubongo wa marehemu waliougua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Lakini dawa ya kuzuia sumu ya bakteria huyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa, haikuzuia akili kushuka. Na anayesahau husahau hata mswaki, kwa hiyo kipi kilitangulia si rahisi kusema.

Fizi za mama zilikuwa zinatoa usaha. Daktari wa meno alizisafisha, aking'oa mawili yaliyolegea, na zilipopona tukamtengenezea meno ya bandia. Wiki za kwanza yalimchubua, akayaficha chini ya mto! Tulirudi yakapunguzwa kidogo.

Sasa anakula samaki wake na harusini anakwenda. Majina ya wajukuu bado anayachanganya, sitakudanganya.

Wako mpeleke kwa daktari wa meno, lakini apimwe pia presha, sukari na masikio, maana asiyesikia vizuri huonekana amesahau. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, huku shavu limevimba au ana homa, usingoje kesho. Na akipata ya bandia, usiku ayavue, yaoshwe, yalale kwenye maji ya baridi.