Kishika biti cha mfukoni: angalia mdomo kabla ya rangi

Watu wakinunua hivi vidude vya mfukoni, vile vifupi unachomeka biti (ile ncha ya bisibisi ya kubadilisha) inakuwa bisibisi, wanauliza mwili ni titani au alumini, rangi itachubuka au la. Mimi natembea navyo miaka sasa na sijaona hata kimoja kilichokufa mwili. Kinachokufa ni mdomo, lile tundu la pembe sita linaloshika biti.

Biti za kawaida ni za robo inchi, milimita 6.35, na zile nzuri (nyingi zimeandikwa S2, aina ya chuma cha zana) ni chuma kigumu kwelikweli. Sasa chukua chuma hicho ukitie kwenye tundu la alumini tupu alafu ukaze skrubu zilizogoma kila siku, nani atamla mwenzake? Pembe za tundu zinalika taratibu, biti inaanza kucheza, unazungusha mkono kidogo ndo inashika, na ikifika hapo hakuna dawa. Kwa hiyo mwili uwe wowote ila tundu liwe la chuma. Ukiwa nacho mkononi chomeka biti uitikise, ikicheza kidogo sio shida, ikiyumba kama jino la mtoto kirudishe tu.

Kingine ni sumaku. Nyingi zimebandikwa kwa gundi chini ya tundu, na siku moja unachomoa biti unaona sumaku nayo imekuja, imeng'ang'ania kwenye biti. Hiyo inatengenezeka: safisha gundi ya zamani yote, tia tone dogo la epoksi, irudishe. Dogo kweli, maana ukijaza sumaku inakaa juu na biti haizami vizuri. Tena sumaku inakusanya unga wa chuma mle ndani mpaka biti haifiki chini, na biti iliyoshikwa nusu ndo inayokula pembe haraka. Mimi nausomba kwa selotepu niliyoikunja upande wa gundi nje.

Zipo zinazoshika kwa karingi ka waya badala ya sumaku. Hizo hazibebi unga, ila karingi kakilegea utavuta mkono biti ibaki kwenye skrubu, so uliza kama kanabadilishika.

Za racheti (zenye meno ndani, unarudisha mkono nyuma bila biti kuzunguka) sizipendi kwa mfukoni, samahani kwa wanaozipenda. Meno ni membamba, springi ni ndogo, na mfuko una nyuzi na vumbi, vinaingia mle na mafuta yanavigandisha, unasikia krr inakuwa haieleweki. Kama unayo, skrubu ikigoma ilegeze kwanza kwa bisibisi kubwa ndo umalizie na hiyo.

Na jamani msibane hivi vidude na plaisi ili kuongeza nguvu. Vidole peke yake havina nguvu ya kukivunja, ni kifupi mno, ukiona kimepasuka mdomo karibu kila mara kuna plaisi hapo katikati au mtu alikichomeka kwenye drili.